Ulilowesha Kwanza?

Wapo wanaokwenda ukweni na kuku. Mimi nilikwenda na dumu la asidi, lita 5, nimelipakata kwenye bodaboda kama mtoto mgonjwa.

Sababu ilikuwa ukuta. Nilikuwa nimemjengea baba mkwe uso mpya wa nyumba yake, nje kidogo ya Iringa mjini, kwa matofali ya kuchoma yasiyopigwa plasta: mita 9 kwa urefu, mita 2 na nusu kwenda juu, na nguzo 4 za baraza. Timazi ilikubali, pimamaji ilikubali, safu zilinyooka kama mistari ya daftari. Ila huo uso sasa! Ulikuwa umepakaa saruji mpaka masikioni, kama mtoto aliyeachiwa bakuli la uji ale mwenyewe.

Kosa lilikuwa langu, ingawa wakati ule nilimsukumia saidia fundi. Yeye alinikorogea udongo mwepesi mno (saiti tunauita udongo, hata kama ndani yake ni saruji na mchanga tu), ukawa unachuruzika kila ninapokandamiza tofali. Hapo fundi mwenye akili anauacha. Anasubiri ule mchuruziko ushike, uwe kama ugali uliolala, kisha anaubandua kwa ncha ya mwiko, unaruka mzima mzima. Kesho yake anapitisha brashi kavu, basi. Mimi nilichukua kitambaa kibichi nikapangusa. Kitambaa kibichi hakiondoi saruji, kinaigeuza maji ya saruji na kuyasukuma ndani ya vitundu vya tofali. Pale unapopangusa panang'aa, unajipongeza, unaendelea. Pakikauka, tofali zima lina utando wa kijivu. Nilijipongeza siku 6 mfululizo.

Na Jumapili ya wiki iliyofuata shemeji yangu mdogo alikuwa anapata kipaimara. Askofu kanisani, wageni nyumbani, picha za ukoo mbele ya ukuta. Baba mkwe aliutazama kutoka kushoto kwenda kulia, mikono nyuma, akasema: "Kazi nzuri, mwanangu. Ila mbona kama umepauka?" Ukweni hawakuambii ukuta ni mchafu. Wanakuambia umepauka, halafu wanakukaribisha chai.

Ukuta ulikuwa na siku 9, na katika hadithi hii yote hilo ndilo jambo pekee nililopatia, tena bila kujua. Saruji inataka walau wiki moja ishike kabla ya kuonjeshwa asidi, la sivyo viungo, yaani ile saruji ya kati ya matofali, vinaondoka pamoja na uchafu. Ukingoja miezi, utando nao unakomaa na kukataa kutoka. Ndani ya wiki ya pili mpaka ya nne ndipo penyewe.

Dukani niliomba "tindikali ya kuoshea ukuta". Hapo tayari nilikuwa nacheza kamari, maana tindikali ni jina la ukoo mzima. Ipo ya betri, ambayo ni asidi ya salfa. Hiyo ukiipaka ukutani inaacha salfeti ndani ya viungo, nazo zinakaa humo zikigombana na saruji na kuchomoza chumvi nyeupe. Inayotakiwa ni asidi ya haidrokloriki, ile ambayo kwa kiasi kidogo imo kwenye dawa nyingi za kusafishia choo. Ya dumu ni kali, asilimia 30 na ushee. Muuzaji alinipa hiyo hiyo inayotakiwa, Mungu ambariki, halafu akaiharibu baraka yake kwa ushauri: "Changanya nusu kwa nusu, bosi. Inatoa mpaka dhambi."

Nusu kwa nusu! Kwa tofali jekundu kipimo ni lita 1 ya asidi kwa lita 10 za maji. Kwa tofali la rangi ya maziwa ni lita 1 kwa 20, kwa sababu hilo linashika madoa haraka. Nusu kwa nusu ni kipimo cha mtu anayetaka kuuondoa ukuta wenyewe.

Jumamosi hiyo nilianza kazi saa 6 mchana. Ukuta unatazama kaskazini, na mwezi Julai jua la kwetu liko huko huko kaskazini. Wewe umesimama na sweta unatetemeka kwa baridi ya Iringa, lakini tofali ukiligusa lina joto la chapati. Saa hiyo ndiyo niliyoichagua.

Kwa kuwa ni ukweni, sikuvaa nguo za kazi. Nilivaa suruali yangu nzuri ya kaki, pamba tupu, shati jeupe la mikono mirefu, na kandambili. Machoni, miwani ya jua ya shemeji. Kazi hii inataka miwani inayoziba mpaka pembeni, glavu ndefu za mpira na gambuti, na suruali ishuke nje ya gambuti, isichomekwe ndani. Ukiichomeka, tone linateleza kwenye kitambaa, linaingia kwenye buti na kukaa humo likikutafuna polepole wakati wewe unadhani ni jasho. Kaki nzuri inabaki sandukuni. Hiyo kaki naomba muikumbuke.

Nikaomba ndoo. Mama mkwe akatoa ya bati, mpya, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Nikamimina asidi kwanza, halafu maji juu yake. Makosa mawili kwa pumzi moja. Maji yakitua juu ya asidi kali, pale yanapokutana panapata moto ghafla na kurusha. Ukitanguliza maji, asidi ukaimimina polepole ndani yake, joto linasambaa kwenye maji yote na hakuna anayerushiwa. Mimi nilirushiwa tone moja, likatua shavuni. Nilikimbilia bombani, nikainamisha kichwa kwa dakika kama 3, kisha nikaona watoto wananitazama nikainuka. Zinatakiwa dakika 15 mpaka 20 za maji yanayotiririka, watoto wakutazame wasikutazame. Likiingia jichoni ni hivyo hivyo, kope zimefunuliwa, halafu safari ya hospitali bila ubishi.

Kurudi, nakuta ndoo inachemka. Vipovu vinapanda kutoka pande zote, mvuke unachoma pua. Nikamwambia saidia fundi, "Unaona? Hiyo ndiyo kali."

Alikuwa ameona. Alikuwa amesharudi nyuma hatua 10.

Kilichokuwa kinaliwa ni ndoo. Bati ni chuma kilichovishwa zinki, na asidi hii inaikimbilia zinki kama mbuzi na majani ya mahindi. Inaitafuna na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inashika moto, na wakati huo baba mkwe alikuwa anakuja na sigara yake mdomoni kuangalia "hiyo dawa". Upepo ulituhurumia. Zinki ilipokwisha ikafuata zamu ya chuma chenyewe. Mchanganyiko ukageuka kijani hafifu, ukaanza kuelekea njano. Mimi nikadhani sasa imeiva.

Kwa hiyo nilichompaka baba mkwe ukutani ilikuwa supu ya ndoo.

Nilipaka ukuta wote, nikabakiza nguzo tu kwa sababu supu iliniishia. Nilipaka ukuta ukiwa mkavu, wa moto, bila kuulowesha hata tone. Tofali kavu ni sawa na msafiri aliyeshuka kwenye basi: anakunywa cha kwanza anachopewa. Ukimpa maji mpaka akatae, asidi ikija inabaki juu juu, inakula utando, inaondoka na maji ya kusuuzia. Ukimpa asidi kwanza anaimeza yote, na saruji ya viungo inatafunwa kutoka ndani ambako huoni. Matofali ya tanuru za kwetu yana hiyo hulka zaidi, maana yaliyokaa pembeni mwa tanuru hayakuiva sawasawa, na tofali lisiloiva halishibi.

Mwanzo ulikuwa mtamu, nisiseme uongo. Saruji ilifura povu jeupe, shaaa, kama soda iliyotikiswa. Chokaa iliyomo kwenye saruji ikikutana na asidi inatoa hewa ya ukaa, ndiyo hilo povu. Watoto wa jirani wakaja kushangilia. Nikanyoosha mgongo kama daktari wa upasuaji. Povu lilipokata nikanyoosha mkono bila kugeuka nikasema, "Maji!"

Saidia fundi akasema, "Yapi?"

Bomba lilikuwa limekatika. Pipa lilikuwa na maji ya ndoo 2. Ukuta kama ule unakunywa zaidi ya mapipa 2 ya lita 200, kuulowesha na kuusuuza, na yanatakiwa yawe yamejaa kabla hujafungua kifuniko cha dumu. Asidi inakaa ukutani dakika 3 mpaka 5, kipande cha mita 2 za mraba, unasuuza, ndipo unahamia kipande cha pili. Sisi tulikwenda kisimani. Dakika 40. Yaani saidia fundi alikwenda kisimani, mimi nilikaa kwenye ubao wa jukwaa kulinda ukuta usiibiwe. Ubao ulikuwa na unyevunyevu. Nikahisi ubaridi kidogo pale ninapokalia, halafu mwasho kidogo. Nikajikuna, nikasahau.

Jioni ukuta ulipokauka, familia nzima ilitoka nje kuutazama, na hakuna aliyesema umepauka. Ulikuwa na rangi sasa. Chuma cha ndoo kilikuwa kimekaukia kwenye matofali na kupata kutu, mistari ya njano na hudhurungi inashuka kutoka juu kama ukuta umelia usiku kucha. Kati ya mistari kulikuwa na mabaka meupe yenye kung'aa kidogo. Viungo, ambavyo nilivipiga vikawa laini kama mgongo wa kijiko, vilikuwa vimeliwa na kubaki mchanga mtupu, ukipitisha kidole unashuka. Chini, sakafu ya baraza ya saruji nyekundu, ambayo mama mkwe anaisugua nta kila Jumamosi, ilikuwa na njia za kijivu mpaka ngazini, kila mahali maji ya asidi yalipopita. Ile nayo ni saruji. Asidi haijui ipi ni uchafu na ipi ni nyumba.

Ndipo akaja mzee wa nyumba ya tatu, fundi mstaafu, kofia ya sufu kichwani. "Kamwene," alisema, akakaa kimya muda mrefu mbele ya ukuta. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Ulilowesha kwanza?"

Nilitazama kandambili zangu. Baba mkwe aliirudia polepole, kama mtu anayeonja kitu kipya: "U-li-lo-we-sha kwanza." Nikaona kabisa imemkaa.

Mama mkwe, kwa nia njema, alitokea na chupa ya jiki. Alisema nyeupe hutolewa na jiki. Yule mzee, ambaye nilidhani hawezi hata kukimbia, alimfikia kwa hatua 3 akaishika chupa. Jiki na hii asidi vikikutana vinatoa gesi ya klorini, gesi ya kuua, ile iliyotumika vitani mwaka 1915. Hata siku nyingine, chooni, mtu asimwage dawa ya choo yenye asidi halafu akaongeza jiki ili "isafishe zaidi". Alisema hayo kwa sauti ya chini, akamrudishia mama jiki yake, akamwomba magadi.

Magadi yalikuwepo, kopo zima, ya kulainishia makande ya jioni ile. Ni magadi yale yale ya Ziwa Magadi kule Kenya na Ziwa Natron upande wetu, na asidi haina adui mkubwa zaidi jikoni. Vijiko 2 vya chakula kwa kila lita ya maji, koroga mpaka yayeyuke, paka ukuta wote na sakafu. Palipobaki asidi patatoa vipovu. Povu likikoma, asidi imekufa. Kisha maji tena, mengi, kutoka juu kwenda chini. Tulimaliza kopo. Makande ya usiku huo yalikuwa magumu kama kokoto za saiti, na baba mkwe, akitafuna upande mmoja wa mdomo, alimtazama mkewe akasema, "Haya nayo hayakuloweshwa?"

Nilidhani hasara imekwisha. Asubuhi, Jumapili, nikasikia ananiita kutoka stoo. Dumu lililobaki nusu nililiweka humo, kifuniko hakikukaza vizuri, mlango umefungwa. Asidi hii inapumua, na mvuke wake ukikosa pa kutokea unatafuta chuma. Majembe mekundu. Panga jekundu. Na baiskeli yake, Phoenix, usukani uliokuwa unang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, ulikuwa na vipele vya kutu kama tetekuwanga. Dumu linakaa nje, kivulini, wima, kifuniko kimekazwa, mbali na watoto na mbali na kila kitu cha chuma. Baba mkwe aliifuta baiskeli kwa kiganja. "Na hii?" akaniuliza. "Uliilowesha?" Kando ya mlango ilikaa ile ndoo ya bati, ambayo nilikuwa nimeiacha na masalio usiku kucha. Ilikuwa inafaa kuchujia tui.

Jumatatu mzee alirudi saa 1 asubuhi, ukuta ungali baridi, akaniambia tuanze na nguzo, zile nilizobakiza. Alikaa kwenye kigoda. Mimi nilifanya kazi, nimevaa gambuti zake, ovaroli ya saidia fundi na miwani ya fundi wa kuchomelea.

Kwanza tulibandua madonge yote yakiwa makavu, kwa kipande cha mti na kwa kigae cha tofali lile lile. Kigae cha rangi moja ukikisugua juu ya uchafu kinauondoa bila kuacha alama. Nilichomoa brashi ya waya, akaniambia niirudishe mfukoni, maana inakatika vijisindano ambavyo vinaganda ukutani na kuota kutu. Tukatandika nailoni juu ya sakafu na kufunika maua. Dirisha la alumini tulilibandika nailoni pia, maana alumini ikiguswa inapata ukungu usiotoka. Halafu maji. Nilimwagia nguzo ya nyuma, ile isiyoonekana barabarani, nikasema tayari. Akasema bado. Nikamwagia tena. Akasema bado. "Ikitoa jasho," alisema, "ndiyo imeshiba." Na kweli ilifika mahali maji yakawa yanateleza juu yake bila kunywewa. Tulilowesha na safu za chini kabisa, kwa sababu asidi iliyokwisha kazi juu inashuka huko, na ikikuta tofali kavu inaanza upya.

Ndoo ilikuwa ya plastiki. Lita 10 za maji ndani, kisha lita 1 ya asidi, polepole, upepo uko mgongoni. Ilikuwa nyepesi hivi kwamba niliidharau. Haikupiga kelele, ilitoa povu la aibu aibu tu. Nikapaka kwa brashi ya nyuzi za plastiki, nikihesabu dakika 4, nikisugua uso wa tofali na kuviacha viungo. Kabla haijakauka, mpira wa maji kutoka juu kwenda chini mpaka yanayoshuka yakawa safi. Magadi, maji tena. Tukaiacha nguzo ile moja mpaka kesho yake ikauke kabisa, ndipo tuone rangi yake ya kweli. Tofali lililolowa kila moja ni zuri. Kesho yake ilikuwa nyekundu ya kupendeza, viungo vimesimama. Nguzo 4 zilitumia lita 1 na kidogo ya asidi. Ukuta wote, kwa kipimo hicho, ungemalizwa na lita 2 au 3.

Ubaya ni kwamba nguzo zilipopendeza, ukuta nyuma yake ulionekana kama umepigwa.

Tulianza kuutibu. Kutu inatolewa na asidi ya oksaliki, unga mweupe wa maduka ya kemikali, gramu 20 mpaka 40 kwa lita ya maji, kwenye ukuta uliolowa. Inachukua muda wake, na ni sumu ikimezwa, kwa hiyo haikai karibu na sukari. Ilitoa karibu yote. Yale mabaka meupe yenye kung'aa ndiyo yalituchezea. Hayo ni silika iliyoyeyushwa kutoka kwenye saruji, ikakosa kusuuzwa, ikagandia. Asidi yangu haiigusi tena hata ukiipaka mwaka mzima. Inayoigusa ni ile yenye florini, ambayo inapenya ngozi mpaka mfupani, na mzee alisema akiniona nayo ataniripoti kwa askofu. Tulisugua kwa kigae cha tofali. Mengine yalitoka, mengine yapo mpaka leo.

Nilitaka pia kuishughulikia ile unga nyeupe ya safu za chini. Akachota kwa kidole, ikatoka kama unga wa muhogo. Hiyo ni chumvi ya ndani ya ukuta inayotolewa na unyevu, si utando. Utando wa saruji hautoki kwa kidole. Chumvi inafagiliwa kwa brashi kavu siku ya jua, na inapungua yenyewe kadiri ukuta unavyokauka. Ukiiosha kwa asidi unaiongezea chumvi nyingine.

Viungo ilikuwa kazi ya siku 3. Unakwangua kila kimoja kina cha sentimita 2, unapuliza vumbi, unalowesha (ndiyo, nililowesha), unajaza udongo mpya mkavu mkavu. Katikati ya kazi hiyo shemeji anayeishi Unguja alipiga simu. Alikuwa amesikia nina dawa ya kuosha kuta, na bibi yake mkewe ana nyumba Mji Mkongwe imeota weusi. Mzee aliomba simu. Akamweleza kwamba kuta za kule ni mawe ya matumbawe na chokaa, yaani kuanzia jiwe mpaka kiungo vyote ni chakula cha asidi, na kwamba UNESCO iliuandika mji ule urithi wa dunia mwaka 2000, kwa hiyo akiuyeyusha atatafutwa na dunia nzima. Marumaru ya jiwe na terazo, aliongeza, ni vivyo hivyo. Akakata.

Jumapili ya kipaimara ukuta ulikuwa unatazamika, hasa ukisimama barabarani na kama jua liko nyuma yako. Wageni waliusifu. Nami nikavaa kaki yangu.

Sikuwa nimeifua. Ilikuwa imelowa tu, kwa hesabu yangu, nikaianika ikakauka, ikakunjwa. Ningeichovya kwenye maji siku ile ile, hata bila magadi, ingekuwa hai. Lakini asidi iliyokaukia kwenye pamba haitoboi siku hiyo. Inakatakata nyuzi kimya kimya, kitambaa kinabaki na sura yake na kupoteza nguvu, na joto linamalizia. Mke wangu aliipiga pasi ya mkaa vizuri sana, hasa nyuma, ili inyooke.

Tulikaa benchi la pili, ukoo mzima, askofu mbele yetu. Kengele ikalia, watu wakapiga magoti, nami nikapiga. Haikukatika kwa kishindo. Ilifunguka kwa sauti ya karatasi ya maandazi, kutoka mkanda mpaka karibu na goti, na baridi ya Julai ikaingia yote kwa mpigo.

Kitenge cha mama mkwe kilipitishwa kwangu kupitia mikono ya mashemeji wanne, kila mmoja akitazama mbele. Nilijifunga nikiwa bado magotini. Kwaya ikaanza. Baba mkwe, macho yamefumbwa, mikono kifuani, akaniegemea taratibu mpaka nikasikia pumzi yake sikioni.

"Na hiyo, mwanangu," akanong'ona, "uliilowesha kwanza?"